Pesa Iliyo Njiani Ni ya Nani?

Mteja anayenunua tiketi ya basi la Dar es Salaam kwenda Mwanza kwa simu hutarajia moja kati ya majibu mawili: imefaulu au imeshindikana. Wengi wanaotengeneza mifumo ya biashara mtandaoni nao hufikiri hivyohivyo, na ndipo matatizo yanapoanzia. Liko jibu la tatu, linalotokea kila siku mahali popote penye mtandao: haijulikani bado. Pesa imetoka kwenye simu ya mteja, lakini kampuni ya basi haijapata taarifa. Kiti kimeshikwa, lakini hakijauzwa. Ujumbe umetumwa, lakini hakuna ajuaye kama umefika. Hoja yangu katika makala haya ni kwamba mfumo wa biashara mtandaoni hutegemeka kwa kadiri ulivyolitengea jibu hilo la tatu mahali pake, mtu wa kulishughulikia na muda wa kulimaliza. Na chombo cha bei nafuu kuliko vyote cha kuifanya kazi hiyo ni kuuchora mchakato mzima wa biashara kabla ya kuandika mstari wa kwanza wa programu.

Jibu hilo halitokani na uzembe wa mafundi wala minara mibovu peke yake. Katika miaka ya 1970 wanasayansi wa kompyuta walionyesha kwa hoja za kihisabati kwamba pande mbili zinazowasiliana kwa njia inayoweza kupoteza ujumbe haziwezi kamwe kufikia uhakika kamili kwamba zimeelewana; Mmarekani Jim Gray aliliandika tatizo hilo mwaka 1978 kwa sura ambayo wanafunzi wanafundishwa hadi leo. Sababu yake ni rahisi kuifuata. Duka linaiomba kampuni ya simu ikate pesa. Kampuni inakata, inajibu, jibu linapotea. Duka halijui kilichopotea ni ombi au ni jibu. Likinyamaza, huenda mteja amelipa na hatapata bidhaa. Likirudia ombi, huenda mteja akakatwa mara mbili. Kuongeza ujumbe wa kuthibitisha kwamba jibu limefika hakusaidii, kwa kuwa nao unaweza kupotea, na uthibitisho wa uthibitisho vilevile. Mtandao wenye kasi hupunguza tu visa hivyo, hauvimalizi. Kwa hiyo anayejenga duka la mtandaoni hana hiari ya kuwa au kutokuwa na miamala ambayo hatima yake haijulikani. Hiari aliyo nayo ni kuamua mapema nini kifanyike ikitokea, au kuuacha uamuzi huo kwa karani anayepokea simu za malalamiko.

Nchini Kenya watayarishaji wa programu wanaujua ukweli huu kwa undani tangu Safaricom ilipowafungulia mlango wa kuunganisha mifumo yao na huduma yake ya pesa kwa simu, M-Pesa, kupitia jukwaa la Daraja mwaka 2017. Duka linatuma ombi. Dirisha la kuingiza namba ya siri linajitokeza kwenye simu ya mteja. Matokeo hayarudi papo hapo, bali huletwa baadaye kwenye anwani ambayo duka limeisajili. Kati ya ombi na matokeo kuna pengo. Ndani ya pengo hilo mteja anaweza kuingiza namba ya siri, kuikosea, kuacha muda upite, kuzimikiwa na simu, au kuingiza namba sahihi kabisa wakati seva ya duka imezimika. Mfumo uliochorwa kwa majibu mawili utasubiri kidogo, kisha utaandika “imeshindikana” na kumwambia mteja ajaribu tena. Naye atajaribu tena, na atalipa mara mbili. Programu haikuwa na kosa hata moja la kiufundi, ilifanya ilivyoagizwa. Kosa lilikuwa kwenye mchakato, kwa sababu kimya kilihesabiwa kuwa kukataa.

Kazi ya kuchora michakato ni ya zamani kuliko kompyuta. Mwaka 1921 mhandisi wa Marekani Frank Gilbreth, aliyekuwa akifanya utafiti pamoja na mkewe Lillian, aliwaonyesha wahandisi wenzake namna ya kuiandika kazi hatua kwa hatua kwa alama maalumu, ili upotevu uonekane kwa macho. Lakini hatua kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ilipigwa na Mjerumani Carl Adam Petri katika tasnifu yake ya mwaka 1962. Anayecheza bao atazielewa nyavu za Petri haraka: kuna mashimo, kuna kete, na kuna kanuni zinazosema kete zitoke shimo lipi ziingie lipi. Shimo ni hali fulani ya kazi, mathalani “agizo limepokewa” au “malipo yanasubiriwa”; kete ni jambo lenyewe lililo katika hali hiyo. Ukiutazama ubao baada ya hatua yoyote, unajua kila kete iko wapi. Haiwezekani kete iwe imetoka shimo moja na haijaingia jingine, na hilo ni fundisho kubwa kwa anayeshughulika na pesa za watu: ikiwa pesa inaweza kuwa njiani, basi njiani nako ni shimo, lichimbwe na lipewe jina.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 Mholanzi Wil van der Aalst aliutumia msingi huo kuuliza ni mchakato gani unaostahili kuitwa mzima. Masharti yake ni machache na makali. Popote kazi ilipofika, lazima iwepo njia ya kuifikisha mwisho. Ikifika mwisho, pasibaki kete iliyosahaulika nyuma. Tena pasiwepo hatua iliyochorwa ambayo haiwezi kufikiwa kamwe. Tuipime tiketi ya Mwanza kwa masharti hayo. Mteja amechagua kiti namba 14, kiti kimeshikwa, malipo yako kimya. Ikiwa mchoro una mshale mmoja tu wa kutoka hapo, ule wa “malipo yamethibitishwa”, kiti kitashikwa mpaka basi liondoke, na abiria mwingine atakosa nafasi iliyo tupu. Ukiongeza mshale wa “dakika 10 zimepita, achia kiti”, sharti la kwanza limetimia ila la pili limevunjika: malipo yakithibitishwa dakika ya 11, kiti kimeshauzwa kwa mwingine na pesa imebaki bila shimo. Inabidi uchore mshale wa tatu, wa kurudisha pesa au kumpa abiria kiti kingine, na useme nani anaamua. Yote haya yanafanyika kwa penseli. Yakiachwa mpaka siku ya kuandika programu, yataamuliwa na mtayarishaji mmoja peke yake, kwa kubahatisha, kwa niaba ya kampuni nzima.

Lugha ya michoro inayotumika sana leo ni BPMN, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2004, ikapata toleo la 2.0 mwaka 2011 na kupitishwa na ISO kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 2013. Ina alama nyingi kuliko mahitaji ya biashara nyingi. Zinazopuuzwa mno ni tatu: alama ya saa, inayosema muda ukipita nini kifuate, alama ya hitilafu, na alama ya fidia, inayoonyesha hatua iliyokwisha kufanyika itatenguliwaje. Hii ya mwisho inafanana na wazo la Hector Garcia-Molina na Kenneth Salem wa Princeton, walioandika mwaka 1987 kwamba shughuli ndefu inaweza kukatwa vipande vidogo iwapo kila kipande kitaandaliwa mapema kipande kingine cha kukitengua. Mchoro usio na hata moja kati ya alama hizo tatu umechorwa kwa ajili ya siku njema peke yake.

Anayetaka kujua gharama ya kulikosa jibu la tatu na aitazame Uingereza. Kuanzia mwaka 1999 shirika la Post Office lilisambaza kwenye maelfu ya matawi yake mfumo wa hesabu uitwao Horizon, uliojengwa na ICL, kampuni iliyomilikiwa na Fujitsu ya Japani. Mkataba wake wa mwaka 1996 ulihusu pia kadi za kulipia mafao ya serikali. Sehemu hiyo ilifutwa mwaka 1999, na kilichobaki kikaendelezwa kuwa mfumo wa hesabu za matawi. Wasimamizi wa matawi, wengi wao wenye maduka madogo vijijini na mitaani, walianza kuona skrini ikiwadai pesa ambazo hawakuwahi kuzishika. Kati ya mwaka 1999 na 2015 zaidi ya watu 900 walitiwa hatiani kwa wizi, udanganyifu au kughushi hesabu, takriban 700 kati yao wakiwa wameshtakiwa na Post Office yenyewe. Desemba 2019 Jaji Peter Fraser wa Mahakama Kuu aliamua kwamba mfumo ulikuwa na dosari zilizoweza kuzua upungufu usiokuwepo. Aprili 2021 Mahakama ya Rufaa ilifuta hukumu za watu 39 kwa siku moja, na mwaka 2024 Bunge likatunga sheria ya kufuta hukumu za mamia wengine. Ripoti ya kwanza ya uchunguzi wa umma unaoongozwa na Sir Wyn Williams, iliyotoka Julai 2025, ilieleza kwamba huenda watu wasiopungua 13 walijiua kwa sababu ya mkasa huo.

Mara nyingi mkasa huo husimuliwa kuwa ni wa programu mbovu, na kweli programu ilikuwa mbovu. Lakini ukiusoma kwa jicho la mchakato unaona jambo zito zaidi. Mwaka 2015, kwenye tawi la Dalmellington huko Scotland, msimamizi alikuwa akiandikisha pauni 8,000 zilizohamishiwa kwenye kituo kidogo cha huduma. Alibofya, skrini ikabaki palepale, akabofya tena na tena. Mfumo ukaandika uhamisho mara nne, ukazua tofauti ya pauni 24,000. Dosari ya kiufundi hapo ni kutotambua kwamba maombi manne yalikuwa ombi lilelile. Swali la mchakato ni jingine: baada ya dosari kutokea, mtu ana njia gani ya kutoka? Mwaka 2005 Post Office ilibadilisha utaratibu wa kufunga hesabu na kuiondoa akaunti ya muda ambamo tawi lilikuwa likiweka upungufu wenye utata ukisubiri uchunguzi. Tangu hapo, ili afunge kipindi kimoja cha hesabu na kufungua kingine, msimamizi alitakiwa kuulipa upungufu kutoka mfukoni mwake au kuuhamishia makao makuu uwe deni lake. Ndani ya mfumo hapakuwa na kitufe cha kusema “naipinga hesabu hii”. Pingamizi lilipelekwa nje ya mfumo, kwa kupiga simu kwenye kituo cha msaada, huku skrini ikiendelea kudai.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Horizon ilikuwa na daftari, ila daftari hilo halikuwa na ukurasa wa mashaka. Kila kisichoeleweka kilikwenda moja kwa moja kwenye safu ya madeni ya mtu aliye dhaifu kuliko wote katika mnyororo ule. Sheria nayo iliongeza uzito: katika England na Wales, tangu mwaka 2000 mahakama zimekuwa zikichukulia kwamba kompyuta ilikuwa ikifanya kazi sawasawa mpaka mwenye kupinga aonyeshe vinginevyo. Sitaki kudai kwamba mchoro mmoja ungewaokoa watu wote wale. Palikuwa na viongozi walioonywa na hawakusikiliza, na hakuna mchoro unaoweza kumlazimisha mtu kusikiliza. Lakini mchakato wa kufunga hesabu ukichorwa mbele ya msimamizi wa tawi yeyote, swali lake la kwanza litakuwa: skrini ikikosea, mimi naenda wapi? Mshale usiokuwepo huonekana kwa macho. Anayeidhinisha mchoro wa namna hiyo anaidhinisha akijua.

Mfano wa kinyume uko karibu nasi. Kabla M-Pesa haijazinduliwa nchini Kenya Machi 2007, ilijaribiwa kuanzia Oktoba 2005 na timu ya Vodafone na Safaricom, wakiwamo Nick Hughes na Susie Lonie, pamoja na taasisi ya mikopo midogo ya Faulu Kenya. Wazo la awali lilikuwa marejesho ya mikopo kwa simu, na waliohusishwa walikuwa wakopaji mia chache na mawakala wachache wa Nairobi na Thika. Mchakato uliopangwa ofisini ukakutana na maisha. Wakopaji waliwalipia wenzao. Walituma pesa kwa jamaa walio mbali. Wengine waliweka pesa kwa wakala mmoja, wakafunga safari, kisha wakaitoa kwa wakala mwingine walikokwenda, ili wasiibiwe njiani. Upande wa Faulu, utaratibu uliojengwa juu ya vikundi vinavyokutana ana kwa ana ulielemewa na kazi ya kulinganisha hesabu za malipo yaliyoingia kwa simu. Timu iliyafuata maisha, ikauacha mchakato wa kwanza na kuzindua huduma ya kutuma pesa nyumbani.

Ninachokithamini zaidi katika usanifu ule ni mpango wa pesa yenyewe. Kila shilingi ya kielektroniki ilipaswa kuwa na shilingi halisi kwenye akaunti ya amana benki, na wakala hakuweza kumwekea mteja zaidi ya floti aliyokuwa nayo. Kwenye ubao huo kete hazizaliwi wala hazipotei, zinahama tu. Hata hivyo pengo moja liliachwa: aliyekosea tarakimu moja ya namba ya simu alijikuta amemtajirisha mtu asiyemjua. Baadaye Safaricom iliongeza huduma ya Hakikisha, inayomwonyesha mtumaji jina la mpokeaji na kumpa sekunde chache za kusitisha. Hatua hiyo fupi imewekwa mahali pake kabisa. Kosa likizuiwa kabla pesa haijafika, fidia haihitajiki. Mpokeaji akishaitoa kwa wakala, kuirudisha ni mvutano.

Upande wa Tanzania, mfumo wa serikali wa kukusanya malipo, GePG, una uamuzi wa kimchakato ambao naona haujasifiwa vya kutosha. Kabla mwananchi hajalipa, deni hupewa namba ya kumbukumbu ya malipo, ile ambayo wengi huiita kontroo namba. Namba inaitangulia pesa. Kwa hiyo pesa inapoingia, iwe kwa benki au kwa simu, inaingia ikijulikana inakwenda kulipia nini, na ombi likirudiwa mfumo una namna ya kutambua kwamba ni deni lilelile. Linganisha na biashara zinazopokea pesa kwanza, kisha zikaanza kuuliza kwenye kundi la WhatsApp ni nani aliyetuma 45,000. Kama uhamisho wa Dalmellington ungepewa namba yake kabla ya kubofya, mibofyo mitatu ya ziada isingezaa kitu.

Wapo watakaosema kwamba watayarishaji hodari na majaribio ya kutosha yanaondoa haja ya michoro. Hoja hii ina nguvu, kwa sababu majaribio huugusa mfumo wenyewe ilhali mchoro ni karatasi. Lakini majaribio hupima njia ambazo mtu amezifikiria. Wahandisi wa Amazon, katika makala waliyoyachapisha mwaka 2015, walieleza jinsi walivyotumia TLA+, lugha ya kihisabati iliyobuniwa na Leslie Lamport kwa ajili ya kueleza mienendo ya mifumo, kuanzia mwaka 2011. Katika hifadhidata yao ya DynamoDB, kielelezo kilifichua dosari iliyoweza kupoteza data, ambayo ilihitaji mfululizo wa hatua 35 ili ijitokeze. Dosari hiyo ilikuwa imepita kwenye ukaguzi wa usanifu, ukaguzi wa programu na majaribio mengi bila kuonekana. Ni vigumu kumfikiria mjaribu ambaye angebuni kisa cha hatua 35, kila moja ikiwa mahali pake. Duka la vitenge la mtandaoni halihitaji TLA+, ila kanuni ni ileile: kielelezo kidogo kinachopitiwa chote hugundua mambo ambayo mfumo mkubwa unaojaribiwa kwa sehemu utayaficha mpaka siku ya msongamano.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nami nalikubali kwa sehemu. Michoro huzeeka. Biashara hubadilika kila mwezi huku mchoro ukibaki ukutani, na miradi mingi iliyoanguka ilikuwa na makabati yaliyojaa nyaraka. Mchoro uliotengenezwa na washauri ambao hawajawahi kukaa na karani wa madai hauna faida, nao unaweza kudhuru kwa kuwapa wakubwa utulivu wasiostahili. Nijuavyo mimi dawa yake ina sehemu mbili. Kwanza, mezani wakae wale wanaopokea lawama: mawakala, wahudumu wa simu, wahasibu wanaolinganisha hesabu, dereva wa bodaboda anayepeleka mzigo. Hao ndio wanaojua yanayoharibika, na mara nyingi hawaulizwi. Pili, mchoro upimwe kwa kumbukumbu za kazi yenyewe. Van der Aalst, yuleyule wa masharti matatu, amekuwa kinara wa fani ya kuchimbua michakato halisi kutoka kwenye kumbukumbu ambazo kila mfumo huziandika: nani alifanya nini saa ngapi. Programu huijenga upya njia ambayo maagizo yalipita kweli na kuilaza juu ya njia iliyochorwa. Zikitofautiana, aidha kazi imepotoka au mchoro umezeeka, na kampuni inajua kabla mteja hajaumia.

Mchoro uwahusishe pia wanaouendesha mfumo, si wanaoutumia tu. Katika maandalizi ya biashara ya tarehe 1 Agosti 2012, kampuni ya Knight Capital ya Marekani iliweka programu mpya kwenye seva 7 kati ya 8. Ya nane ikaachwa na programu ya zamani. Soko lilipofunguliwa, kwa muda wa dakika takriban 45 mfumo ulinunua na kuuza hisa bila kukusudiwa, na hasara ikazidi dola milioni 440. Tume ya soko la hisa la nchi hiyo, SEC, ilibaini kwamba hapakuwa na utaratibu ulioandikwa wa fundi wa pili kuhakiki kazi ya wa kwanza. Ilibaini pia kwamba asubuhi ile, kabla ya soko kufunguliwa, mfumo wenyewe ulikuwa umetuma barua pepe 97 zenye dalili ya tatizo, na hakuna aliyezishughulikia. Barua pepe hizo zilikuwa na wapokeaji. Hazikuwa na mtu aliyekabidhiwa wajibu wa kuzifanyia kazi.

Inasemwa pia kwamba haya ni mambo ya makampuni makubwa, na kwamba muuza viatu wa Kariakoo anayepokea maagizo kwa WhatsApp na malipo kwa lipa namba hana muda wa michoro. Mimi naona yeye ndiye anayeihitaji kwanza, kwa kuwa hana akiba ya kumeza hasara. Mchakato wake unatosha upande mmoja wa karatasi: agizo, malipo, kufunga mzigo, bodaboda, kupokewa. Njia za kuharibika zinahesabika: ujumbe wa malipo wa kughushi, malipo pungufu, mzigo uliofika na mteja hapokei simu, saizi isiyotosha. Kwa kila moja aandike nani anaamua, ndani ya muda gani, na pesa inakaa wapi wakati huo. Hatua ya kuhakiki malipo ihamishwe kutoka kwenye simu ya mteja kwenda kwenye taarifa ya lipa namba ya duka lenyewe. Badiliko hilo peke yake huwafungia mlango wanaotengeneza jumbe za uongo. Siku atakapompata fundi wa kumjengea tovuti, atampa karatasi hiyo, na fundi hatalazimika kubuni sera ya duka la mtu mwingine.

Pingamizi ambalo nalichukulia kwa uzito kuliko yote linatoka kwa wanaowajali wafanyakazi: mchakato uliochorwa kwa ukali huwafunga watu mikono, na mhudumu aliyekuwa akitumia busara anabaki kusema “mfumo umekataa”. Ni kweli hutokea hivyo. Ila ugumu huo hutokana na mchoro uliosahau kumpa binadamu nafasi yake. Mamlaka ya kutumia busara nayo huchorwa: mhudumu anaweza kurudisha hadi shilingi 50,000 bila kumuuliza mtu, zaidi ya hapo msimamizi ajibu ndani ya saa 24, upungufu unaopingwa ukae kwenye akaunti ya muda, usihesabiwe kuwa deni la mtu mpaka uchunguzi uishe. Hapo ndipo kuchora mchakato kunapogeuka kuwa uamuzi wa haki, maana kila wakati hatima ya muamala haijulikani yuko anayebeba mzigo wake: mteja, duka, wakala au kampuni ya simu. Mchoro ukinyamaza, mzigo humwangukia asiye na sauti. Uamuzi huo haustahili kuachiwa idara ya kompyuta. Utiwe saini na wanaomiliki biashara.

Benki kuu na mamlaka nyingine zinazotoa leseni kwa huduma hizi huomba nyaraka nyingi za usalama na mitaji. Wakaguzi wao wangeweza kuanza na ombi dogo: orodha ya asubuhi ya leo ya miamala ambayo hatima yake haijajulikana. Ni mingapi, wa zamani kuliko yote una siku ngapi, uko mikononi mwa nani, na utafungwa lini kwa njia ipi. Kampuni iliyouchora mchakato wake itaitoa orodha hiyo kwa dakika chache. Inayojibu kwamba haina hata muamala mmoja wa namna hiyo ikaguliwe kwanza, kwa kuwa miamala hiyo ipo, ila imeandikwa chini ya jina jingine: imefaulu, imeshindikana, au deni la wakala.